Kocha wenu aliwahi kushinda nini?

Leo sina siasa wala Simba na Yanga. Nina deni, na kwa kuwa nililikopa hadharani naona nililipe hadharani.

Miaka michache iliyopita mhariri wangu alinituma kwenye mashindano ya kuogelea ya watoto hapa Dar. Waandishi wa michezo wote walikuwa kwa Mkapa, mimi wa habari za mahakamani ndiye niliyeonekana sina kazi. Kuogelea nilikuwa sijui, si kwa kalamu si kwa mwili. Nikafika, nikakaa kivulini pamoja na akina mama walioshika mataulo, nikaandika majina ya washindi. Halafu, ili habari isiwe kavu, nikaongeza aya moja kuhusu klabu iliyoshika mkia. Niliandika kwamba kocha wake ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alijifunza kuogelea baharini, na hajawahi kushinda medali yoyote maishani. Kila neno lilikuwa kweli. Nilimuuliza mwenyewe, akanijibu huku anacheka.

Gazeti likatoka Jumatatu. Alhamisi dada yangu akanipigia simu. Mwanawe wa miaka 9 alikuwa kwenye klabu hiyo hiyo. (Ndiyo, nilijua mpwa wangu yumo. Ndiyo sababu nikaona niwe mkali kidogo, nisionekane nawapendelea.) Wazazi walikuwa wameipiga picha ile aya na kuirusha kwenye kundi lao la WhatsApp. Mmoja akauliza kama ada wanayolipa ni ya mtu wa namna hiyo. Mwingine akasema yupo kijana anayemfahamu, ana medali na picha zake zipo. Mwezi haukuisha, Mwalimu akaambiwa ahsante kwa huduma yako.

"Mdogo wangu," dada akaniambia, "wewe ndiye uliyemfukuzisha."

Nilijitetea kama waandishi wote tunavyojitetea: nimeandika ukweli. Lakini lile swali lilinikaa kooni. Kocha aliwahi kushinda nini? Nililiuliza kwa kuwa ndilo swali rahisi kuliko yote. Sikuwahi kujiuliza kama lina maana. Basi nikaanza kusoma, usiku baada ya kazi, habari za klabu za watoto zilizotoa waogeleaji waliotikisa dunia. Nilitaka kujua makocha wao walikuwa nani kabla ya kupuliza filimbi. Niliyoyakuta nawaletea leo, na mnivumilie kwa urefu, kisa cha kwanza hakisimuliki kwa mkato.

Kinatoka Maui, kimojawapo cha visiwa vya Hawaii. Maui ya miaka ya 1930 ilikuwa miwa mitupu. Kampuni ya Hawaiian Commercial & Sugar ilikuwa na kiwanda sehemu iitwayo Puunene, na kukizunguka kiwanda kulikuwa na kambi za vibarua: Wajapani kambi yao, Wafilipino yao, Wareno yao. Wewe uliyekulia Kilombero, Mtibwa au TPC kule Moshi huhitaji kuelezwa sana. Nyumba ya kampuni, duka la kampuni, king'ora cha kampuni. Nyapara akipita juu ya farasi; wao walimwita luna.

Miwa hunywa maji mengi. Kwa hiyo ilichimbwa mifereji ya kuyateremsha maji kutoka milimani hadi mashambani, na watoto wa vibarua wakitoka shule walikuwa wanajitosa humo. Bwawa la kwao halikuwepo. Mfereji ulikuwa mali ya kampuni, basi walinzi wakawa wanawafukuza, watoto wanakimbilia ndani ya miwa, walinzi wakiondoka wanarudi. Mchezo huo tunaujua.

Shuleni Puunene alikuwepo mwalimu anaitwa Soichi Sakamoto. Alizaliwa hapo hapo Maui mwaka 1906, wazazi wake Wajapani, na alikuwa akifundisha sayansi. Aliiendea kampuni akaomba watoto waachwe waogelee, yeye atawasimamia. Wakakubali. Hivyo ndivyo ukocha wake ulivyoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hakuitwa na klabu wala hakutangaziwa nafasi. Alikwenda kukaa kando ya mtaro ili watoto wasifukuzwe na wasizame. Na sasa shika kiti: yeye mwenyewe kuogelea kulikuwa kunamshinda. Alijua kujiokoa kidogo tu. Mashindano hakuwahi kuyaonja.

Lakini mwalimu wa sayansi ana tabia yake. Anakitazama kitu mpaka kimwonyeshe kinavyofanya kazi. Mfereji una mkondo. Mtoto akiogelea kuupanda anatumia nguvu nyingi na hafiki mbali. Akigeuka, maji yanamsukuma, mikono inapiga kasi ambayo peke yake asingeifikia. Sakamoto akapima umbali ukingoni. Akawa anawapandisha mkondo kwa nguvu zote, anawashusha kwa kasi, anawapumzisha, anawarudisha tena. Kadiri siku zilivyokwenda akawa anaandika, anapima, anabadilisha. Baadaye dunia nzima ya kuogelea ilikuja kufundisha kwa vipindi hivyo vya kufanya kazi, kupumzika na kurudia, katika mabwawa yenye vigae na mistari ya rangi chini. Yeye aliyaanza mtaroni, kwa sababu mtaro ndio aliokuwa nao. Mimi naamini kabisa kwamba bingwa aliyekulia kwenye bwawa zuri angeutazama mfereji ule mara moja akasema hapa hapafai, nipeni bwawa kwanza.

Mwaka 1936 Tokyo ilipewa Olimpiki ya mwaka 1940. Mwaka 1937 Sakamoto akawakusanya watoto wake akawaambia kwamba wana miaka 3, na wakiwa tayari kumpa miaka hiyo yote, watakwenda Tokyo. Ndiyo maana klabu ikaitwa Three-Year Swim Club, klabu ya miaka mitatu. Tafakari kidogo hiyo ndoto ilivyokuwa. Wengi wao walikuwa watoto wa vibarua wenye asili ya Japani, na alitaka wakaogelee Japani wakiwa wamevaa bendera ya Marekani, mbele ya Wajapani ambao wakati huo ndio waliokuwa wababe wa maji. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, wanaume wa Japani walichukua dhahabu 5 kati ya 6 za kuogelea. Na huyu mwalimu wa mtaroni alikuwa anataka kwenda kuwafuata kwao.

Tokyo haikuwepo. Mwaka 1938 Japani, ikiwa vitani China, iliirudisha michezo ile. Ikapelekwa Helsinki, halafu vita ikaifuta kabisa. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilidhani klabu itakufa. Haikufa. Mwaka 1939 watoto wa Puunene walivuka bahari wakatwaa ubingwa wa timu wa Marekani nzima, na wakaurudia 1940 na 1941. Binti mmoja, Fujiko Katsutani, akawa bingwa wa taifa katika staili ya chura. Kijana Takashi Hirose, wakimwita Halo, alikuwa ameshaiwakilisha Marekani nje mwaka 1938. Mwenzake Kiyoshi Nakama, wakimwita Keo, akawa anakusanya ubingwa wa mbio ndefu kama anaokota maembe.

Desemba 1941 Japani ikaishambulia Pearl Harbor, na ghafla majina ya watoto wale yakawa majina ya adui. Hirose akaenda Ulaya kupigana na Kikosi cha 442, kile cha Wamarekani wenye asili ya Japani. Olimpiki ya 1944 nayo ikafutwa. Michezo iliporudi London mwaka 1948, umri wa Nakama na Hirose ulikuwa umewapita. Hawakuogelea Olimpiki hata siku moja. Aliyekwenda ni Bill Smith, kijana wa Honolulu aliyekuwa ameugua homa ya matumbo utotoni na akahamia Maui ili afundishwe na Sakamoto. Alirudi na dhahabu 2, ya mita 400 mtindo huru na ya kupokezana mita 200 kwa waogeleaji wanne. Nakama naye, mwaka 1961, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, aliogelea kutoka kisiwa cha Molokai hadi Oahu, mkondo wa bahari unaoogopwa na mabaharia. Hakuna aliyemlazimisha. Nadhani alikuwa na lake moyoni.

Sakamoto aliendelea. Alifundisha Chuo Kikuu cha Hawaii, na mwaka 1952 binti aliyemlea, Evelyn Kawamoto, akapata shaba 2 Helsinki. Mwaka 1966 jina lake likaingizwa kwenye jumba la kumbukumbu la waogeleaji wakubwa duniani. Alifariki mwaka 1997. Sasa mchukue mzazi wa kundi la WhatsApp umpeleke Puunene mwaka 1937, aulize: huyu kocha aliwahi kushinda nini? Jibu lingekuwa fupi, na watoto wangebaki kukimbizana na walinzi ndani ya miwa.

Nilidhani pengine Sakamoto ni mmoja wa ajabu, hutokea. Nikasogea nyuma kidogo, New York ya mwaka 1917. Huko mwanamke mmoja, Charlotte Epstein, alianzisha chama cha kuogelea cha wanawake, Women's Swimming Association. Kazi yake ya kila siku? Karani wa mahakama, wale wanaoandika kila kinachosemwa mbele ya hakimu. (Hapo nilitabasamu, maana ndio ninaokaa nao kila siku.) Hakuwa bingwa wa chochote majini. Kazi aliyoiweza ni kupanga, kubishana na kutokubali kuambiwa hapana. Wakati huo Marekani haikuwa imepeleka hata mwogeleaji mmoja wa kike kwenye Olimpiki, japokuwa wanawake walianza kuogelea huko mwaka 1912. Alisukuma mpaka mwaka 1920 wakapelekwa Antwerp, na wasichana wa klabu yake wakawa nguzo ya timu. Mmoja wao, Aileen Riggin, alikuwa na miaka 14 tu, akarudi na dhahabu ya kupiga mbizi. Msichana mwingine wa klabu hiyo, Gertrude Ederle, mwaka 1926 alivuka Mlango wa Bahari wa Uingereza kwa kuogelea, wa kwanza mwanamke, tena kwa muda mfupi kuliko wanaume wote waliomtangulia.

Lakini lazima niwe mkweli, maana nimeshaadhibiwa kwa ukweli nusu. Aliyewafundisha wasichana wale kupiga mikono na miguu hakuwa Epstein. Alikuwa Louis de Breda Handley, na huyo medali alikuwa nazo: alikuwemo kwenye timu za Marekani zilizoshinda mwaka 1904. Alifundisha bure, bila mshahara, miaka na miaka. Kwa hiyo sisemi bingwa hafai. Bingwa anaweza kuwa kocha mzuri sana. Ninachosema ni kwamba Handley aliheshimiwa na wasichana wale kwa subira yake na kwa kuja kwake kila wiki, na medali ya 1904 haikuwa ikimfundisha mtu kupumua.

Wa tatu ni wa karibu zaidi na sisi, kwa rangi kama si kwa ramani. Philadelphia, mwaka 1971. Jim Ellis, mwalimu wa hisabati wa shule za serikali, alianzisha klabu ya kuogelea ya watoto weusi katika kituo cha burudani cha manispaa. Ikaitwa PDR, herufi za idara hiyo ya burudani ya jiji, ambazo baadaye wao wenyewe walizipa maana nyingine: fahari, dhamira na ustahimilivu. Ellis alikuwa ameogelea shuleni na chuoni Cheyney, hakuwa bingwa wa dunia. Kumbuka Marekani ile. Kwa miongo mingi mabwawa yalikuwa ya weupe peke yao, watu weusi wakafungiwa nje ya maji, halafu wakaambiwa kwamba kwa maumbile yao hawawezi kuelea. Ukimnyima mtu ngazi kisha ukamcheka hajui kupanda! Watoto wa Ellis wakaanza kufuzu mashindano ya taifa, wengine wakafika kwenye mchujo wa Olimpiki. Mwaka 2007 Hollywood ilitengeneza filamu juu yake, Pride, akaigizwa na Terrence Howard. Filamu imeongeza chumvi kama kawaida yao. Chumvi haikuhitajika.

Mwalimu wa sayansi, karani wa mahakama, mwalimu wa hisabati. Nikaendelea kuhesabu. Klabu ya North Baltimore, iliyomlea Michael Phelps tangu akiwa mtoto, mwanzilishi wake Murray Stephens alikuwa mwalimu wa somo la Kiingereza. Bob Bowman, aliyemfundisha Phelps kuanzia umri wa miaka 11, aliogelea chuoni bila kufika Olimpiki, na alichosomea ni saikolojia ya makuzi ya watoto, na muziki pembeni. Australia, Forbes Carlile alikuwa mhadhiri wa fiziolojia Chuo Kikuu cha Sydney. Alikwenda Olimpiki ya 1952, lakini kushindana pentathloni, ule mchezo ambao wakati huo ulikuwa wa farasi, bunduki na upanga, na kuogelea kulikuwa kipande tu. Yeye na mkewe Ursula walimlea Shane Gould, ambaye mwaka 1972, akiwa na miaka 15, alishinda dhahabu 3 za peke yake mjini Munich. Hata hapa Afrika, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, yule aliyekaribia kuzama mbele ya dunia nzima Sydney mwaka 2000 akiogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52, mwaka 2012 alipewa kazi ya kuifundisha timu ya taifa ya nchi yake. Walicheka watu. Mimi sicheki tena. Mtu yule anajua hofu ya maji ilivyo kuliko mabingwa wote wa siku ile.

Sasa nifike kwenye kilichonikosesha usingizi.

Yapo pia makocha waliokuwa na kila karatasi. Ujerumani Mashariki ilikuwa na chuo chake cha michezo mjini Leipzig, kilichoanzishwa mwaka 1950, na kilikuwa kinasifika duniani. Walimu waliobobea, maabara, vipimo, kila kitu. Pale Montreal mwaka 1976 wasichana wao walichukua dhahabu 11 kati ya 13 za wanawake katika kuogelea. Ungekuwa mzazi ungesema nini? Ungesema mwanangu apelekwe huko huko. Lakini wasichana wale, wengine wakiwa bado watoto, walikuwa wanapewa vidonge vya buluu wakiambiwa ni vitamini. Zilikuwa homoni za kiume. Sauti zikawa nzito, miili ikabadilika, wengi wakapata maradhi ya ini, ya moyo, ya uzazi. Nchi ile ilipokufa nyaraka zikafunguka, na mwaka 1998 makocha na madaktari wa klabu ya SC Dynamo Berlin wakapandishwa kizimbani mjini Berlin kwa kuwadhuru wasichana waliokuwa chini ya uangalizi wao. Adhabu zilizotoka zilikuwa faini. Mimi naripoti mahakamani, nimezoea hukumu za kushangaza, lakini ile niliisoma mara mbili.

Na Uingereza je? Paul Hickson alikuwa kocha wa timu ya Olimpiki ya nchi hiyo Seoul mwaka 1988. Wasifu gani utaushinda huo? Mwaka 1995 alifungwa miaka 17 kwa makosa ya kuwanyanyasa kingono waogeleaji vijana aliokuwa akiwafundisha. Kesi ile ndiyo iliyowaamsha Waingereza, na mwaka 2001 wakaunda kitengo cha kitaifa cha ulinzi wa watoto michezoni. Marekani nayo ilichelewa. Ni mwaka 2010 ndipo chama chao cha kuogelea kilipoanza kutangaza hadharani orodha ya makocha waliofungiwa maisha, na sheria ya nchi nzima ya kuwalinda vijana wanamichezo ikaja mwaka 2018.

Nilirudi kwenye ile aya yangu nikaisoma upya. Nilikuwa nimemsimamisha mtu mbele ya umma nikamkagua historia yake, nikakagua sehemu moja tu, ile ambayo Hickson angeifaulu na Sakamoto angeifeli. Sikuuliza alifundisha wapi, miaka mingapi. Sikuuliza kama kuna mtoto aliyewahi kuumia au kuonewa mikononi mwake. Sikuuliza kwa nini klabu yake imeshika mkia. Kumbe nusu ya watoto wake walikuwa na miezi michache tangu waingie majini, wakishindana na watoto waliozaliwa na bwawa uani. Maswali hayo hayakuhitaji maabara. Yalihitaji dakika kumi za ziada, na mimi nilikuwa nawahi chipsi.

Wazazi nao siwalaumu sana. Mabwawa mengi ya Dar yako ndani ya kuta za shule za kimataifa na hoteli, ada si mchezo, na mtu akilipa anataka kuona kitu kinachong'aa. Yule kijana mwenye medali alikuja. Sina baya la kusema juu yake, ni mtu mwema, na wale watoto wakubwa wanampenda. Wadogo ndio waliopungua. Mpwa wangu alikaa wiki tatu, akaanza kuumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi. Dada akaacha kumpeleka. Sasa ana miaka 12, na maji yanayozidi magoti hayataki.

Mwezi uliopita nikamtafuta Mwalimu. Anaishi Kunduchi, nyumba ina mwembe mbele na mtumbwi uliopasuka pembeni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu kijana. Wewe si yule wa gazeti?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia ndiye mimi, na nimekuja kuomba radhi. Akaniambia nikae kwanza, mkewe akaleta chai. Nikaanza kumweleza habari za Hawaii na mfereji, akasikiliza kama mtu anayesikia habari za jirani yake. Alipendezwa hasa na ule ujanja wa kuogelea kuupanda mkondo. Akasema utotoni kwao walikuwa wanafanya hivyo kwenye mkono wa bahari maji yakianza kupwa, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni mazoezi.

Ndipo nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza siku ile kando ya bwawa: Mwalimu, kabla ya kuwa kocha ulikuwa unafanya nini hasa?

"Darasa la kwanza," akasema. "Miaka 31. Walitaka kunipandisha niende darasa la saba, nikakataa."

Kwa nini?

"Mtoto wa darasa la kwanza akikosea kusoma ukamfokea, anaanza kukiogopa kitabu. Hakiogopi leo tu, anakiogopa moja kwa moja. Na maji ni hivyo hivyo. Mimi sikuwa nawafundisha kushinda. Nilikuwa natafuta yule anayeogopa, namshika hapa," akajigusa chini ya kidevu, "mpaka nisikie pumzi yake imetulia. Nikishaisikia, namwachia. Hajui hata nimemwachia saa ngapi."

Nikamwambia kuhusu mpwa wangu. Akamkumbuka. Alimkumbuka kwa jina, na kwa kovu la gotini, na kwamba alikuwa hapendi maji yaingie sikioni la kushoto. Miaka 3 imepita.

"Mlete," akasema. "Jumamosi ni maji mafu, bahari itakuwa imetulia. Mje asubuhi kabla ya upepo." Halafu akanitazama kwa muda. "Na wewe, unajua kuogelea?"

Nikasema sijui.

"Basi na wewe njoo na kaptula."